Kuwafuata Cybotron: Chicago hadi Detroit kwa treni, basi na lifti

Nimerudi Chicago, nguo zimeshafuliwa, na sasa napanga picha na maandishi niliyokwaruza kwenye daftari njiani. Nusu ya picha ni za vitu visivyo na mvuto kwa mtu mwingine: kituo cha basi, maegesho ya chuo, kona ya barabara yenye duka la matairi. Nilikuwa nawafuata Cybotron.

Kwa asiyewajua: Cybotron walikuwa watu wawili wa Michigan, Juan Atkins na Richard Davis, waliokutana chuoni mwaka 1980 wakaanza kutengeneza muziki kwa sintesaiza, yaani vinanda vya umeme, na mashine za ngoma. Singo yao ya kwanza, "Alleys of Your Mind", ilitoka 1981. Albamu ya "Enter" na wimbo wa "Clear" vilitoka 1983. Kufika 1985 walikuwa wameshaachana, na Atkins akaendelea mpaka akaitwa baba wa teknohama, samahani, wa tekno, ule muziki wa dansi wa mashine. Kidole changu kimezoea kazi za ofisini. Kama ulicheza "Lose Control" ya Missy Elliott mwaka 2005, umewacheza Cybotron, maana ule mdundo umechotwa kwenye "Clear". Na sisi tuliokulia kwenye vibanda vya PS2 kule Magomeni tuliusikia ndani ya gemu la Vice City, kwenye ile stesheni ya redio iitwayo Wildstyle, tukiendesha magari ya wizi kwa shilingi za kuungaunga. Miaka yote hiyo nilidhani ni wimbo wa Wajerumani.

Nilichotaka kuona ni walikotoka hao wawili kabla ya Detroit kuwapokea. Kila andiko ninalosoma linaanza na Atkins na kumalizia na Atkins. Davis anapewa sentensi mbili.

Alhamisi: Chicago hadi Ypsilanti

Treni ya asubuhi inaondoka Union Station saa 1 na dakika 20. Nililipa dola 44, tiketi nikiwa nimeikata wiki tatu kabla. Waliokata juzi yake waliniambia wamelipa karibu mara mbili. Kata mapema, na kaa upande wa kushoto kama unataka kuona Ziwa Michigan, ingawa linaonekana kidogo tu baada ya kuvuka kuingia Indiana. Kingine: Michigan iko saa moja mbele ya Chicago. Ukipanga kuonana na mtu, hesabu kwa saa ya kule.

Indiana tulisimama dakika arobaini kupisha treni ya mizigo. Mabehewa yalipita mpaka watoto wakachoka kuyahesabu. Reli ile ni ya watu wa mizigo, abiria anasubiri. Mbele ya hapo treni inafunguliwa kweli, na kuanzia Kalamazoo reli ni ya serikali ya jimbo. Inafika kilomita 177 kwa saa na kahawa haimwagiki.

Kalamazoo ndipo alipopanda mama mmoja wa makamo, kitenge cha rangi ya chungwa chini ya koti zito, akaketi kiti cha pili yangu. Nilikuwa naongea na dada yangu kwenye simu. Nilipokata tu, akanigeukia.

"Weye ni wa Tanzania, eeh? Nasikia vile unasema."

"Ndiyo mama. Shikamoo."

Akacheka mpaka abiria wa mbele wakageuka. "Marahaba! Hiyo shikamoo niliiacha Kigoma." Ni mtu wa Uvira. Alikaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi na tatu kabla ya kuletwa Grand Rapids, na sasa alikuwa anakwenda Dearborn kumwona binti yake aliyejifungua. Kijana wake ndiye aliyemleta Kalamazoo kwa gari. Alifungua mfuko wa plastiki, akatoa maandazi na karanga za kukaanga, na kopo la samaki wadogo wakavu wenye pilipili ambao harufu yao ilitangaza behewa zima kwamba sisi tupo. Nikasitasita. "Kula, kula. Usiniletee haya."

Aliponiuliza naenda wapi nikamweleza habari za watu wawili na vinanda vyao vya umeme. Alisikiliza kwa heshima zote. "Sasa ile njo kazi gani?" Nikamwekea "Clear" kwenye simu, sikio moja yeye, moja mimi. Aliisikiliza kama dakika mbili, akatikisa bega kidogo, akasema haina mtu anayeimba vizuri lakini miguu inaelewa. Nimesoma uchambuzi mwingi wa wimbo huu, na wa mama huyu siupingi.

Nilishuka Ann Arbor. Treni haisimami Ypsilanti, ingawa inapita katikati yake. Kutoka kituo cha mabasi cha katikati ya Ann Arbor kuna basi namba 4 linalofuata barabara ya Washtenaw mpaka Ypsilanti, dola moja na nusu, na dereva harudishi chenji. Lala Ypsilanti. Ann Arbor ni mji wa chuo kikuu na vyumba vyake vina bei ya harusi. Mimi nilipata chumba cha dola 68 kwa usiku kwenye nyumba ya mbao karibu na mtaa wa Depot Town, mwenyeji akaniachia supu ya dengu kwenye jiko na kikaratasi kuwa nisioshe vyombo.

Ijumaa: Chuo

Ukitoka asubuhi Ypsilanti, kitu cha kwanza kukiona ni mnara wa maji wa mawe uliojengwa 1890. Umbo lake siwezi kulieleza mbele ya wakwe. Wenyeji wanauchekea wenyewe, wanauza hadi fulana zake.

Basi la kwenda Washtenaw Community College linapita kando ya Mto Huron. Chuo hiki si kikongwe, kilianzishwa 1965, ni majengo ya matofali yaliyotawanyika kwenye nyasi na maegesho makubwa kuliko madarasa. Ni chuo cha jamii: ada nafuu, wanafunzi wa rika zote, wengine wametoka zamu ya usiku wanaingia darasani na buti za kazi. Hilo ndilo lililonifungua macho. Ni mahali pa aina hii tu ambapo kijana aliyemaliza sekondari juzi angeweza kukutana na mwanaume mzima aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na wakawa wanafunzi sawa.

Davis ndiye huyo aliyerudi vitani. Alikuwa anatengeneza muziki wa mashine kabla hawajajuana, na alijipa jina la namba, 3070. Alikuwa na vyombo ambavyo mwanafunzi wa kawaida hakuvigusa, pamoja na kifaa cha Roland cha kupanga noti zijipige zenyewe, kitu adimu kwa wakati ule. Atkins alikuja na sintesaiza ya Korg MS-10 aliyonunuliwa na bibi yake, na kaseti za majaribio alizorekodi chumbani kwa kurudia sauti juu ya sauti. Kijana alikuwa na masikio, mkubwa alikuwa na vyombo na fikra. Jina la kundi nalo ni la kuunga vipande vya maneno, kutoka kwenye orodha yao ya maneno ya wakati ujao. Walikuwa wanamsoma Alvin Toffler, yule mwandishi wa mambo ya zama zijazo, na Atkins alishakutana na vitabu hivyo kwenye somo la sekondari.

Nilizunguka jengo la wanafunzi, nikapita korido, nikala mlo wa kantini (kuku, wali na chai, dola 9). Sikuliona jina lao popote nilipopita. Mlinzi mmoja aliniona napiga picha ukuta mtupu akaja kuniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikamweleza. Akasema amefanya kazi pale muda mrefu na hilo hajawahi kulisikia, kisha akatoa simu akaanza kuitafuta "Clear" palepale. Ikalia kwenye korido. "Huu?" akasema. "Huu naujua tangu nikiwa mdogo!" Akanisindikiza hadi kituo sahihi cha basi, maana kuna viwili na kimoja kinakupeleka usikotaka.

Jioni mvua ikanyesha, nikalala mapema.

Jumamosi: Belleville

Hapa ndipo msafiri asiye na gari anapoadhibiwa. Belleville iko kama kilomita 16 kutoka Ypsilanti, na mimi sikupata basi la kunifikisha. Nilichukua gari kwa programu ya simu, dola 24. Njiani unapita Willow Run, ambako Ford walikuwa wakitengeneza ndege za kivita aina ya B-24 wakati wa Vita vya Pili, ikafika mahali wanatoa ndege moja kila saa moja. Baadaye pakawa kiwanda cha giaboksi, kikafungwa 2010. Kwa sasa sehemu kubwa ni uwanja na uzio.

Belleville yenyewe ni mji mdogo kando ya ziwa lililotokana na bwawa kwenye Mto Huron uleule wa jana. Barabara kuu moja, kinyozi, maduka machache, watu wanaokusalimu. Atkins alizaliwa Detroit mwaka 1962, wazazi wakaachana, akahamia kwa bibi yake huku. Watoto weusi shuleni walikuwa wachache, na miongoni mwa waliokutana hapo ni Derrick May na Kevin Saunderson, ambao dunia ya muziki huwataja pamoja naye kama watatu wa Belleville. Kila mtu anauliza inakuwaje muziki wa jiji la viwanda ukatoka kwenye mji wa stroberi na boti za uvuvi. Nikiwa nimekaa pale kwenye benchi, saa sita mchana, nimeshamaliza mji mzima kwa miguu, jibu lilikuwa rahisi: hakuna kingine cha kufanya. Una chumba, una redio, una bibi anayepiga kinanda. Jiji liko kilomita 45 na linakufikia kwa mawimbi tu.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Programu ilitafuta gari dakika ishirini, ikasema hakuna. Ikatafuta tena. Niliingia kwenye mgahawa wa kifungua kinywa kuomba maji, na mzee mmoja mweusi mwenye kofia ya chama cha wafanyakazi wa magari, aliyekuwa anamalizia mayai yake kaunta, akanisikia nikimweleza mhudumu. Akauliza naelekea wapi. Detroit, nikasema. Yeye hafiki Detroit, ila uwanja wa ndege ni njia yake, na pale kuna basi. "Ngoja nimalize kahawa."

Basi tukaondoka na pikapu yake. Alifanya kazi Willow Run kwenye giaboksi mpaka kustaafu. Nilipomwambia kilichonileta, jina la Cybotron halikumwambia kitu. Nikaweka "Cosmic Cars". Sekunde kumi, akapiga usukani kwa kiganja. "Mojo!"

Electrifying Mojo alikuwa mtangazaji wa redio wa Detroit ambaye hakutaka sura yake ijulikane. Usiku, kwenye WGPR, alitangaza kutua kwa chombo cha anga, kisha akapiga chochote alichopenda: Prince, Parliament, Kraftwerk, B-52's, bila kujali ni redio ya weusi au weupe. Huyu ndiye aliyeipiga "Alleys of Your Mind" mpaka ikauza nakala zinazotajwa kufika 15,000, karibu zote Detroit na jirani zake, chini ya lebo ya wenyewe, Deep Space. Mzee akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma tu. Mojo alikuwa anawaambia wasikilizaji: kama uko kwenye gari, washa na uzime taa, kama uko nyumbani, washa taa ya barazani, piga honi. Yeye alikuwa anatoka zamu usiku, barabara kuu ya I-94, na ghafla anaona magari ya upande wa pili yanakonyeza taa moja baada ya jingine. Wageni kabisa. Kila mmoja ameelewa kuwa mwenzake anasikiliza kitu kilekile. "Nami nakonyeza," akasema, na akanionyesha, akawasha na kuzima taa za pikapu mchana kweupe, gari lililokuwa linakuja likatupisha likidhani tunalionya kuhusu polisi.

Akakataa hela ya mafuta. Nikamwachia pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro niliyokuwa nimeibeba kwa ajili ya zawadi. Ukisafiri Michigan bila gari, beba vitu vya namna hiyo. Watu wa kule hawapokei pesa, lakini zawadi hawaikatai.

Kutoka uwanja wa ndege wa Detroit, usikimbilie teksi. Kuna basi la SMART liitwalo FAST Michigan linakwenda hadi katikati ya jiji kwa dola 2, likipita Dearborn. Tiketi yake inatumika pia kwenye mabasi ya jiji kwa saa nne. Nilishuka Dearborn kula, na kama una njaa ya nyumbani, shuka hapo. Mji umejaa Walebanoni, Wayemeni na Wairaki. Mandi ya mbuzi dola 19, sahani ya watu wawili, na chai ya Adeni yenye iliki na maziwa iliyopikwa mpaka ikawa na rangi ya tofali. Mhudumu aliposikia natoka pwani ya Afrika Mashariki akaniambia babu yake aliwahi kuwa na duka Mombasa. Kikombe cha pili hakukiweka kwenye bili.

Jumapili: Detroit, ukuta wa Rivera

Tramu ya QLINE inapanda na kushuka barabara ya Woodward, kilomita tano na kidogo, bure. People Mover, kale katreni ka juu kanakozunguka katikati ya jiji tangu 1987, nako nilipanda bure. Kwa siku mbili za Detroit usafiri wangu haukufika dola 10.

Nilikwenda Detroit Institute of Arts. Wakazi wa wilaya tatu za jirani hawalipi, sisi wengine tunalipa. Lipa tu. Ukumbi wa katikati una michoro 27 ya Diego Rivera, mchoraji wa Mexico, aliyoichora ukutani 1932 na 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kwa fedha za Edsel Ford wa kampuni ya magari. Ukuta wa kaskazini ni utengenezaji wa injini ya V8 pale kiwanda cha Ford cha Rouge. Ukuta wa kusini kuna mashine kubwa ya kukandamiza bodi za magari ambayo Rivera ameipa umbo la mungu wa kike wa Wamexico wa kale. Nilikaa mbele yake karibu saa nzima nikisikiliza "Enter" tangu mwanzo.

Na hapo niseme langu kuhusu albamu hii. Ni albamu ya nyumba yenye wapangaji wawili. Kuna nyimbo zina gitaa la roki linalounguruma, la mtu wa tatu aliyeongezwa, Jon-5, na maneno mazito ya Davis kuhusu viwanda na uongo wake. Halafu kuna "Clear", isiyo na gitaa hata chembe: besi inayorudi, sauti iliyopitishwa kwenye mashine, na nafasi tupu kati ya mapigo ambayo mwili wako unaijaza wenyewe. Wapenzi wa tekno wana desturi ya kuruka hizo za gitaa. Mimi mbele ya ule ukuta nilizisikia upya. Kwa Rivera wale wafanyakazi wamepinda migongo kufuata mwendo wa mkanda, mashine ni nzuri na inatisha kwa pamoja. Kutisha ni kwa Davis. Uzuri ni kwa Atkins. Ukiondoa mmoja unabaki na dansi nzuri ya watu waliokwisha kusahau kiwandani kuna nini.

Ndicho kilichowatenganisha pia, kwa namna yake. Baada ya "Clear", Atkins alitaka waendelee na njia ile ya mashine tupu. Walitoa "Techno City" 1984. Davis na Jon-5 wakataka roki. Atkins akaondoka, akafungua lebo yake ya Metroplex mwaka 1985 na kutoa "No UFOs" kwa jina la Model 500. Davis akabaki na jina la Cybotron, akatoa kazi nyingine miaka ya 1990 ambazo hazikusikika sana. Baadaye Atkins akalifufua jina hilo. 2019 alilipandisha jukwaani London akiwa na wenzake wapya. Davis hakuwemo.

Jioni nilitembea hadi Hart Plaza kando ya mto. Upande wa pili ni Windsor, Canada, ambayo hapa iko kusini, jambo linalomchanganya kila mgeni. Tamasha la tekno la Movement hufanyika hapa wikendi inayoishia Jumatatu ya mwisho ya Mei. Lilianza 2000 likiwa bure, sasa tiketi ni ghali na vyumba vya jiji vinapanda bei kwa ujasiri. Mimi nilikuta wavuvi wawili na upepo.

Jumatatu: Mitaa ya Grand Boulevard

Grand Boulevard ni barabara moja yenye ncha mbili zinazonihusu. Magharibi, namba 2648, kuna Hitsville, nyumba ambayo Berry Gordy aliifanya makao ya Motown, kampuni yake ya santuri, mwaka 1959 kabla kampuni haijahamia Los Angeles 1972. Mashariki, namba 3000, kuna Exhibit 3000, makumbusho ya tekno ndani ya jengo la Submerge, wasambazaji wa santuri. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo mzuri wa asubuhi kwa miguu. Atkins aliwahi kusema anavutiwa zaidi na roboti za Ford kuliko muziki wa Berry Gordy, na ukitembea njia hiyo unaona kauli yake haikuwa matusi. Ilikuwa habari ya kiwandani. Gordy alipanga nyimbo zake kama mkanda wa kuunganisha magari wa enzi zake, na kijana wa 1980 alikuta mkanda unaendeshwa na mashine.

Exhibit 3000 huendi tu ukabisha hodi. Waandikie mapema uombe siku. Mimi niliandika wiki mbili kabla. Hakuna foleni wala duka la kofia mlangoni. Ni chumba chenye kabati za vioo, vyombo vya zamani na santuri, na mwenyeji anayekusimulia akiwa amesimama. Wageni tulikuwa watatu, mimi na mume na mke wa kutoka Japani waliojua kila kitu hadi namba za santuri. Nilichopenda ni jinsi mwenyeji alivyosisitiza upande wa kazi: nani alichonga santuri, nani alizisambaza kwa gari lake mwenyewe, na kwamba kiwanda cha Archer, cha familia moja upande wa mashariki wa jiji tangu miaka ya 1960, ndicho kilichokandamiza nyingi za hizi. Nilimwuliza kuhusu Davis. Akanyamaza kidogo, akasema watu wengi wakija wanaulizia majina matatu, na huyo si mmojawapo, kisha akatumia karibu robo saa kumzungumza yeye tu.

Mchana nilipita barabara ya East Jefferson kuona jengo la WGPR, ile stesheni ya Mojo. Televisheni yao, iliyoanza kurusha matangazo Septemba 1975, ilikuwa ya kwanza Marekani bara kumilikiwa na weusi, na ndiyo iliyokuwa na kipindi cha kucheza muziki, The Scene, ambacho vijana wa mitaa walikuja kushindana kwa nguo na miguu. Kuna makumbusho madogo ndani. Piga simu kwanza, saa zao si za kila siku.

Chakula: hot dogi ya Coney yenye nyama ya kusaga, haradali na vitunguu, dola 5, kwenye moja ya zile nyumba mbili zinazopakana pale Lafayette na Michigan Avenue ambazo zimegawa jiji. Nilikula moja tu na sitaitaja, nisije nikakatazwa kurudi.

Mwisho nilikwenda duka la santuri. Singo ya "Alleys of Your Mind" ya Deep Space walikuwa nayo, nyuma ya kaunta, ndani ya nailoni, na bei yake ilikuwa kodi ya chumba. Muuzaji aliitoa akanionyesha chapa ya katikati bila kunikabidhi mkononi, na sikumlaumu. "Enter" ilikuwa dola 40. Angalieni jambo hili mkiitafuta: ilitolewa tena 1990 ikiitwa "Clear", kwa hiyo msidhani ni albamu mbili. Muuzaji, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliniuliza naanza upande gani. Nikamwambia upande wenye gitaa. Akanitazama, akazunguka kaunta, akanipunguzia dola 5.

Jumanne: Kurudi

Nilirudi kwa basi kwa sababu treni ilikuwa imepanda hadi dola 71. Basi dola 33, saa sita na nusu, choo hakikufaa kutajwa. Barabara ni I-94 karibu njia nzima, unapita kando ya Belleville tena bila hata kupunguza mwendo.

Jumla, ukiacha santuri, safari nzima ilinila dola 512, na vyumba ndivyo vilivyokula zaidi ya nusu. Ukiwa na mwenzako wa kugawana chumba na gari la kukodi, Belleville haitakutesa kama ilivyonitesa mimi. Kwa walio na viza ya kuingia Marekani mara moja tu: msidanganywe na ukaribu wa Windsor mkavuka daraja kwenda kupiga picha ya Detroit kutoka upande wa pili. Kurudi kunaweza kuwa shida, na picha ileile utaipata kwenye boti ya upande huu. Exhibit 3000 waandikie kwa barua pepe, kwa Kiingereza kifupi, utaje idadi ya wageni na siku mbili unazoweza, wao watachagua. Na mkifika, mwulizeni mwenyeji habari za 3070. Ana mengi.